Umeme wa Mteremko

Doa lenyewe lilikuwa dogo, la ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai.

Asubuhi hiyo sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imefunika mapaa ya mabasi yote matatu yaliyolala kituoni, nyeupe na ngumu, inang'aa kama chumvi iliyoganda. Tusekile alikuwa ameshafagia mapaa mawili. Aliegemeza ngazi ubavuni mwa basi la Kumi na Nne, akapanda na ufagio begani, na kabla hajaushusha akaliona. Juu ya sanduku la tatu la betri, upande wa kushoto, kwenye pembe ya nyuma, sakitu haikuwepo. Paa lilikuwa tupu na limelowa. Mvuke mwembamba, mwembamba kuliko pumzi ya kuku, ulikuwa ukipanda kutoka hapo na kupotea hewani.

Alivua glavu, akaweka mgongo wa mkono. Palikuwa na joto. Si la kuunguza. Lilikuwa kama la paji la uso la mtoto anayeanza homa.

"Paka," alijiambia.

Akaangalia pande zote za doa. Sakitu ilikuwa nzima, haina unyayo wa paka wala ukucha wa ndege. Akatazama chini kwenye kibanda cha mlinzi. Paka wa kituo alikuwa amejikunja juu ya mapaja ya mlinzi, wote wawili wanasinzia.

Tusekile alishika ngazi kwa mikono miwili. Neno hilo, paka, alikwisha kulitumia mara moja, miaka miwili iliyopita, juu ya paa la Kumi na Moja. Asubuhi ile pia aliona doa kama hili, akajiambia paka alilala hapo, akafagia, akashuka. Saa mbili baadaye Kumi na Moja likawaka moto kwenye kona ya thelathini na moja ya barabara ya mlimani. Dereva wake, Lwitiko Luvanda, aliwashusha abiria wote, kisha akarudi ndani kumfuata bibi mmoja aliyenaswa na mkanda wa kiti, akamsukuma nje kupitia dirisha. Yeye mwenyewe hakutoka. Wachunguzi walikuja na mashine zao, wakakaa wiki tatu, wakaandika kwamba hakukuwa na dalili yoyote.

Hakuna aliyemuuliza mfagia mapaa. Naye hakusema.

*

Kufikia saa moja na nusu jua lilikuwa limeshika uwanda wote wa juu, na abiria walikuwa wamejipanga kwenye mizani na magunia yao ya viazi na pareto. Kila anayeshuka bondeni alipimwa, na karani wa mizani aliita uzito kwa sauti kama anayetangaza washindi.

"Mama Edina! Mia moja na nane!"

"Rudia, wa nyuma hawajasikia!" alijibu Mama Edina, mwuza viazi, akijizungusha juu ya mizani kwa maringo. "Mimi peke yangu nawasha wodi nzima. Nyie wembamba mtawasha kibatari."

Watu wakacheka. Huko juu Matamba unene ulikuwa heshima tangu mabasi haya yalipokuja. Basi lilipopanda mlima lilikula umeme wa betri zake. Liliposhuka, lilikula mlima. Magurudumu yaliyotaka kukimbia yaligeuza mota, na mota, kwa kule kuyazuia, ikazaa umeme uliorudi juu ya paa, ndani ya masanduku manane. Na kwa kuwa mabasi yalipanda karibu matupu na kushuka yamejaa watu na viazi, kila moja lilifika bondeni likiwa na nguvu nyingi kuliko lilizoondoka nazo. Huko chini liliegeshwa kando ya hospitali, likafungwa waya mnene kama mkono wa mtu, na kile kilichokuwa uzito wa Mama Edina kikawa taa, friji ya dawa, na joto la watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

Kwa siku za kawaida hospitali ilikuwa na umeme mwingine pia. Lakini siku tatu zilizopita transfoma ya bondeni iliungua, na tangu hapo hospitali iliishi kwa mabasi tu. Mabasi matano yalikuwa yameegeshwa huko chini, yamemimina yote yaliyokuwa nayo, hata ya kupandia mlima hayakubaki. Juu yalibaki matatu. La Nane lilikuwa limefunguliwa mota zote. La Tatu lilikuwa basi zee la mseto, lenye injini ndogo ya dizeli na betri mbili tu, ambazo hujaa kabla ya kona ya ishirini na kisha haziwezi kupokea tena. Lililobaki ni Kumi na Nne.

Tusekile alimkuta Injinia Nikodemu Mahenge karakanani, redio iko sikioni.

"...ghala letu la umeme linatufikisha saa sita kamili," ilikuwa sauti ya Sista Leokadia wa wodi ya wazazi. "Baada ya hapo sina kitu. Nina watoto sita kwenye mashine za joto, Injinia. Mmoja hafiki hata kilo moja."

"Kumi na Nne linaondoka saa mbili, Sista. Saa tatu na nusu liko kwenu."

Alishusha redio, akamwona Tusekile amesimama mlangoni na ufagio wake.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Sema haraka, mwanangu."

"Kumi na Nne... lina joto. Juu. Sanduku la tatu."

Injinia hakumpuuza. Baadaye watu walisema alimpuuza, lakini si kweli. Alikwenda kwenye kioo cha kompyuta ya karakana, akaita Kumi na Nne, na masanduku manane yakatokea, yote ya kijani, kila moja na namba yake ya joto. La tatu halikuzidi wenzake hata nyuzi mbili. Kisha akapanda ngazi mwenyewe. Lakini jua lilikuwa limetangulia. Sakitu yote ilikuwa imeyeyuka, paa zima linavuja maji, na kila mahali alipoweka kiganja palikuwa na vuguvugu la asubuhi.

"Hapa?"

"Hapo."

"Ni sawa na hapa." Akashuka, akajifuta mikono. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Sikiliza. Nikilizuia, kuna watoto sita ninaojua watakosa joto. Nikiliachia, kuna kitu nisichokijua na kioo nacho hakikijui. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Injinia akasubiri kidogo, kweli alisubiri, kisha akaondoka kwenda kuita karani.

*

Kwenye msumari kando ya mlango wa karakana kilining'inia kitambaa chekundu. Shirika la Mteremko, lenye mabasi haya, lilikiweka pale baada ya moto wa Kumi na Moja. Mtu yeyote wa kituo, awe injinia au mfagiaji, aliweza kukifunga kwenye kioo cha pembeni cha basi, na basi hilo haliondoki mpaka likaguliwe. Sharti lilikuwa moja: aliyefunga asimame kwenye ngazi ya mlango, awaambie abiria kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini anawazuia. Kufanya hivyo waliita kusimama kitambaani. Katika miaka miwili kilikuwa kimefungwa mara tatu, mara zote na madereva.

Na Tusekile alikuwa mtu wa kununua chumvi dukani kwa kunyoosha kidole. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, na tangu siku hiyo, kila walipokusanyika watu wenye karatasi na kalamu, yeye alisimama nyuma yao. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakukumbuka kama aliwahi kusema sentensi moja mbele ya watu watano.

Ndani ya Kumi na Nne walikuwa wameshakaa arobaini na wawili.

Alifikiri juu ya watoto sita. Alijaribu kuwaona, akashindwa, akaona mashine zao tu, taa zake zikizima moja baada ya nyingine. Akafikiri juu ya sanduku la tatu likishuka kona hamsini na saba, likisukumiwa umeme mpya kila breki, pembe yake ya nyuma ikizidi kupata moto mahali ambapo kioo hakioni. Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Mtu mwenye hakika angepiga kelele, na kelele zingekuwa rahisi.

Mkono wake ukakitoa kitambaa kwenye msumari.

Dereva wa Kumi na Nne alikuwa Aneth Luvanda, dada yake marehemu Lwitiko. Alikichukua kiti cha kaka yake miezi minne baada ya msiba, na hakuna aliyethubutu kumwambia asikichukue. Alikuwa ameshakaa mbele ya usukani, anamalizia chai kwenye kifuniko cha chupa, alipoona kitu chekundu kwenye kioo.

"We Tuse! Umefunga kioo changu au unaanika nguo?"

"Nimefunga, dada."

Aneth akaweka kifuniko chini. Kicheko kikamtoka usoni polepole. "Basi panda kwenye ngazi, mdogo wangu. Wanakusubiri."

Tusekile akapanda. Nyuso arobaini na mbili zikamwelekea. Akashika nguzo ya mlango.

"Nimeona..." alianza, na sauti haikufika hata kiti cha pili.

"Sema kwa nguvu! Hatupo kanisani!" alipaza mzee mmoja.

"Mwacheni apumue," alisema Mama Edina.

"Sakitu," alisema Tusekile. "Sakitu ilikuwa imeyeyuka. Mahali pamoja. Juu ya betri. Kabla ya jua. Nikashika, pana joto. Naogopa litawaka."

Wote wakasema kwa pamoja.

"Imeyeyushwa na mkojo wa paka hiyo!" alisema yule mzee.

"Mimi nina mgonjwa bondeni, jamani!"

"Kioo kinasemaje? Injinia, kioo kinasemaje?"

"Kioo kinasema salama," alijibu Injinia Mahenge aliyekuwa amekuja mbio. Alimtazama Tusekile, kisha kitambaa, na jinsi alivyovuta pumzi ilionekana kama kuna mtu amempokonya mzigo mmoja na kumtwika mzigo mwingine. "Lakini kitambaa kimefungwa."

"Watoto je?" aliuliza karani.

Hapo Aneth akasimama. "Mimi siendeshi basi lenye kitambaa," alisema. "Kaka yangu hakufungiwa kitambaa na mtu. Mimi nimefungiwa. Shukeni." Akamgeukia Tusekile, akapunguza sauti. "Hili jambo la sakitu, umelijulia wapi?"

"Nimeona tu, dada," alijibu Tusekile. Akashuka ngazini kabla hajaulizwa lingine.

*

Walilivua sanduku la tatu kwa winchi. Injinia alichukua kipima joto cha mkono, akakigusisha katikati ya sanduku: nyuzi ishirini na sita. Akakisogeza, akakisogeza, mpaka pembe ya nyuma. Akakitikisa kama kimeharibika, akakigusisha tena.

"Themanini na moja," alisema. Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya saruji. "Kihisi kiko katikati. Kila sanduku lina kimoja tu, na kiko katikati. Ugonjwa uko pembeni, kioo kitaujuaje?"

Wanaume sita walilipeleka kwa toroli hadi kwenye shimo la mchanga nyuma ya kituo, wakarudi kinyumenyume. Hawakusubiri sana. Kwanza ilikuja sauti kama ya kanga kuchanika. Kisha moshi mweupe ukatoka kwa nguvu, umenyooka, unapiga mluzi, na moto ukaufuata.

Hakuna aliyewahi kuona moto wa namna ile. Haukuwa mwekundu wala haukutaka kuni wala upepo. Ulikuwa mweupe, na ukisimama mbali hatua hamsini ulihisi uso wako unakazika. Walimwaga maji, ukayapuuza. Walimwaga mchanga, ukatoboa. Ukaendelea kuwaka kwa muda wa kuchemsha sufuria la maharage. Ng'ombe waliokuwa wakila nyasi ng'ambo waliinua vichwa wote kwa pamoja.

Tusekile aliutazama na mdomo wazi. Alikuwa amefagia juu ya masanduku yale kwa miaka sita, ameyakalia, amekula viazi vyake akiwa ameyaegemea. Kumbe ndani yake mlikuwa mmelala hiki. Magunia yote yaliyowahi kushuka, miguu yote, vicheko vyote vya kwenye mizani, kona hamsini na saba, yote yamekunjwa ndani ya kasha la kimo cha goti, yamekaa kimya, yanasubiri tu kuambiwa. Alihisi hofu, na pamoja na hofu kitu kingine alichokuwa akikihisi utotoni kanisani waimbaji walipoinuka wote mara moja.

Mama Edina alikuwa amevua kilemba chake na kukishika kifuani. "Na hicho," alisema kwa sauti ndogo isiyo yake, "kilikuwa kikae juu ya vichwa vyetu."

Mzee aliyesema habari ya mkojo wa paka alimwendea Tusekile, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

*

Saa tatu ilikuwa imepita. Injinia aliinuka, akasema jambo ambalo mwanzoni lilionekana la wazimu: wachukue masanduku saba mazima ya Kumi na Nne, kila moja alipime kwanza pembe zake zote nne, wayapakie ndani ya basi zee la Tatu, nyuma, mahali pa viti, na yeye atayaunganisha na mota kwa waya. Tatu lingeshuka mlima kwa mwili wake mkuukuu, lakini lingepokea umeme kwa tumbo la kukopa.

"Nitakaa nayo mimi," alisema. "Mkono wangu utakuwa kihisi."

Walifanya kazi kama watu wanaojenga tuta mafuriko yakija. Wanawake walifungua viti kwa spana. Wanaume walivuta winchi. Nafasi ikabaki ya magunia na ya abiria kumi na sita tu, na hapo ikazuka fujo mpya, kwa sababu walitakiwa wazito.

"Wembamba mtabaki!" alipiga kelele karani. "Samahanini, leo ni kilo!"

"Mimi nimekula!" alijitetea mwalimu mmoja mrefu mwembamba. "Nipimeni tena, nimekunywa uji!"

"Kakojoe kwanza tujue ukweli," alimjibu Mama Edina, tayari amekaa kiti cha mbele, amepakata gunia.

Tusekile hakuwa na kilo hamsini, lakini aliyesimama kitambaani husafiri na basi la badala, ndiyo ilikuwa desturi. Akakaa ngazini karibu na Aneth. Saa tano kasoro robo Tatu likanguruma, likatoa moshi wake wa dizeli, likajivuta hadi ukingoni mwa uwanda. Pale Aneth akazima injini.

Kimya kikaingia. Na chini yao dunia ikafunguka.

Tusekile alikuwa amewahi kushuka mara mbili tu, zote siku za ukungu. Sasa hapakuwa na ukungu. Barabara ilijikunja chini yao kona kwa kona kama utepe ulioangushwa, na mbali chini kabisa bonde la Usangu lilikuwa limelala, mashamba ya mpunga yakimulika kama vipande vya kioo visivyo na mwisho. Mota ikaanza kuimba. Aneth hakugusa breki ya mguu. Alilegeza kidogo tu, na lile basi zito likashikwa na mkono usioonekana, likashuka taratibu kama mtu anayeteremshwa kwa kamba.

"Masanduku mazima yote, umeme ishirini kwa mia!" Injinia aliita kutoka nyuma. Mikono yake ilipita kutoka pembe hadi pembe. Kwenye kona ya kumi akaita thelathini. Kwenye kona ya ishirini, arobaini na moja.

"Huo ni mlima," Tusekile alijisemea kwa mnong'ono, akiutazama mshale wa kipimo ukipanda. "Huo ni mlima unaingia."

Wakafika kona ya thelathini na moja, pale lilipowaka Kumi na Moja. Pembeni palikuwa na majani machanga na jiwe moja jeusi. Aneth alipunguza mwendo hata basi likawa linatembea hatua za mtu. Tusekile alitazama mikono ya Aneth kwenye usukani, hakuthubutu kutazama uso wake.

Walifika saa sita na dakika kumi na saba.

Korido za hospitali zilikuwa na giza na kimya, kimya kile cha mashine zilizonyamaza. Sista Leokadia hakuwa ameketi kungoja. Watoto wote sita walikuwa wametolewa kwenye mashine na kuwekwa vifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kanga: wanne kwa mama zao, mmoja kwa bibi yake, na yule mdogo kuliko wote, ambaye mama yake alikuwa bado hajiwezi baada ya upasuaji, kifuani mwa fundi bomba wa hospitali. Fundi alikuwa amefungua shati, amekaa wima kama aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, hathubutu kupumua.

"Anahema?" aliuliza Injinia, ameshika waya mkononi.

"Anahema," alisema fundi. "Ila wahini. Mimi nami naanza kupoa."

Waya ukaingia mahali pake. Kwa pumzi moja hakukuwa na kitu. Kisha taa za korido zikawaka, moja, nyingine, nyingine, zikikimbilia ndani ya wodi, na mashine sita zikalia zote kwa pamoja kama ndege walioamshwa.

Mama Edina alikuwa amebandika uso dirishani. Machozi yalimtiririka. "Yule wa mwisho," aliwaambia wote, si mtu mahsusi, "yule anapashwa moto na viazi vyangu."

*

Alasiri Aneth na Tusekile walikaa kwenye ngazi ya Tatu. Ndani ya ukuta wa hospitali waya mnene ulivuma taratibu. Injinia alikuwa ndani, anaandika taarifa. Alikuwa amesema itapelekwa kwenye njia nyingine tatu zinazotumia mabasi ya aina hii, zote za milimani. Wa huko wangeuliza swali moja tu: hitilafu hii ina muda gani? Ikiwa ni ya leo, watasema ni sanduku moja bovu. Ikiwa si ya leo, watayasimamisha mabasi yote.

"Unajua," alisema Aneth, akimenya chungwa, "kuna kitu kimoja tu kinachonipa usingizi. Ile karatasi ya wachunguzi. Hakukuwa na dalili yoyote. Nikishtuka, naisoma moyoni. Kwamba hakuna mtu aliyeweza kujua. Ilikuja tu, kama radi." Akamkatia kipande. "Haya, kula. Una macho wewe. Ungekuwa wewe zamu siku ile, Lwitiko angekuwa hapa ananiibia chungwa."

Tusekile alikishika kile kipande. Alijua angeweza kukila tu. Angekila, angesema asante dada, na Aneth angelala usiku. Hakuna aliyewahi kumwuliza, na hata sasa hakuulizwa. Ila karatasi ile ile iliyompa Aneth usingizi ndiyo iliyoviacha vihisi katikati ya masanduku kwa miaka miwili, hapa na huko kwenye milima asiyoijua, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakishuka saa hii hii wakicheka.

Akakiweka kipande cha chungwa kwenye goti lake. Akamgeukia Aneth.

"Nilikuwepo, dada," alisema. "Kumi na Moja nililifagia mimi. Doa lilikuwa sanduku la tano, pembeni, kubwa kama kiganja changu. Nilisema moyoni ni paka. Sikuangalia nyayo. Nililiona, dada Aneth. Nililiona, na sikusema."